Gesi tumboni inanitangua udhu na kifua kinauma, alopita njia hii anisaidie

MtotoWaKonde (Jumapili, saa 4 usiku)

Assalaam alaykum wana jamvi. Mada yenyewe ina aibu kidogo lakini nishachoka, na hapa hamnijui sura, basi naandika bila ya kuficha.

Mie mwanamme, umri 38, kwetu Pemba ila kazi nafanya hapa mjini Unguja, ya ofisini, kukaa kwenye kiti kutwa. Tangu Ramadhani ilopita mpaka leo, miezi minne hii, tumbo langu linajaa gesi utasema nimemeza mpira. Asubuhi nikiamka limelala, suruali inafunga vizuri, ikifika saa 8 mchana nshalegeza mkanda chini ya meza, ikifika Magharibi nna mimba ya miezi 5. Linanguruma mpaka juzi mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza "kaka hiyo simu yako inatetema, hupokei?"

Kinachoniumiza zaidi ni sala. Natia udhu nyumbani, nikifika msikitini ushatanguka, natia tena, naingia kwenye safu, kusimama sawa, rukuu sawa, nikienda sujudu tu basi. Siku hizi nasali nyumbani, na Ijumaa nakaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango kama mwizi wa viatu.

Halafu kuna haya maumivu. Yanaanza chini ya mbavu za kushoto, kama mtu kanidunga kidole, yanapanda kifuani, saa nyengine mpaka begani. Moyo mbio, pumzi fupi, kichwa chepesi. Nikicheua au nikitoa upepo napata nafuu. Watu wananambia gesi ishapanda inazunguka mwilini, imeingia kwenye mishipa, siku ikifika kwenye moyo ndio basi tena. Wallahi usiku silali, nahesabu mapigo.

Nishatumia ile poda ya kukoroga inayotoa povu, pakti mbili kila siku. Nishatumia omeprazo za duka la dawa, vile vidonge vya kupunguza asidi, wiki sita. Nishanunua dawa ya majani kwenye chupa ya soda elfu 15, nikaharisha siku mbili na gesi iko pale pale. Mmoja kanambia vidonda vya tumbo (hajanipima, kanitazama macho tu), mwengine chango, mwengine kanambia nitizamie nyumbani nani ana husuda na mimi.

Suali langu, gesi kweli inapanda kwenye moyo? Na nile nini nisile nini? Ahsanteni.

---

Yakhe77

Yakhe karibu kwenye chama, wanachama tuko wengi ila mikutano tunafanya kila mtu chooni kwake 😂

Utani pembeni, mie langu lilikuwa muhogo wa nazi. Kila siku ya futari sahani mbili, shelisheli juu yake, na uji, na kachori, halafu unakwenda tarawehe rakaa 20 na tumbo kama ngoma ya beni. Nimepunguza kula usiku nimepata afueni. Na tembea bwana, ukishakula usilale, zunguka mtaa mara mbili tatu ndio urudi. Uchawi wachana nao, mchawi gani huyo anakaa usiku kucha kukupulizia tumbo na yeye ana shughuli zake.

---

bi_uzile

Waalaykum salaam mwanangu. Mie si mtu wa spitali, mie mtu wa jikoni, miaka 40 napikia watu, na nitakwambia kitu kimoja, nyie watoto wa siku hizi mbaazi hamjui kuzipika. Mnazitoa dukani kavu mnazitumbukiza kwenye presha kuka, filimbi nne, nazi juu, tayari. Tumbo litakosaje kulia?

Mbaazi kavu unazirowesha tangu baada ya Isha. Asubuhi yale maji yanakuwa na rangi ya chai na povu limekaa juu. Mwaga, usiyaonee huruma. Suuza mara mbili, weka maji mapya, zikichemka mwanzo zitatoa povu tena, yamwage na hayo, ndio uanze kupika sasa. Na mvuje. Kipande kiasi cha punje ya mchele tu, unakikaanga kwenye mafuta na kitunguu kabla ya tui. Ukiufungua mvuje mbichi unanuka kama kitunguu kilooza, nyumba nzima itakuuliza nini hicho, lakini ukishapata mafuta ya moto harufu inageuka inakuwa tamu. Wahindi wa pale Mkunazini walikuwa hawapiki dengu bila ya huo, wakiuita hing, na sisi bibi zetu wakituvalisha kwenye kitambaa shingoni kuzuia jicho. Jicho sijui, lakini tumbo naujua.

Na uzile (bizari nyembamba) mwanangu, kijiko cha chai, ukaange kavu kwenye chuma mpaka utoe harufu, uchemshe kwenye vikombe viwili mpaka kibaki kimoja, unywe umoto baada ya chakula. Mnanaa pia mzuri. Pole sana, na kwa mkeo mpe pole na yeye.

---

ukhty_wa_Jangombe

Kaka yangu nisamehe nitakutisha kidogo, lakini hili nikilinyamazia sitalala.

Mwaka juzi baba yangu alishikwa na "gesi" saa 5 usiku. Kifua kimebana, anasema kuna kitu kimekaa hapa katikati kizito, anataka kucheua haiwezi kutoka. Tukampa poda ya povu. Tukamkanda mgongo kwa mafuta ya karafuu. Tukamchemshia tangawizi. Mama akasema kala pweza usiku, ndio huyo. Mimi nlokuwa namfuta jasho nikaona shati lote limerowa na feni iko juu yake, na mkono wa kushoto kausema mzito, na taya linamuuma, hata hivyo tukasema gesi bwana, gesi ina mambo mengi. Alfajiri ndio tunakodi gari. Wakambandika zile waya za kifuani, daktari akatuuliza tangu saa ngapi, tulipomwambia akakaa kimya kwanza. Ilikuwa moyo. Yupo hai alhamdulillah, anatembea mpaka sokoni, lakini sehemu ya moyo ilishakufa zile saa tulizokuwa tunamkanda.

Sisemi na wewe ni moyo, una miaka 38 na ukicheua unapata nafuu. Ila baba na yeye alicheua akasema "aah sasa nafuu".

---

nesi_wa_zamu

Nimekaa naisoma hii tangu mchana, sasa nimetoka zamu nijibu. Mimi nesi, miaka 19 kazini, wodini kwanza na sasa zahanati. Sijakuona wala sijakugusa tumbo kwa hiyo haya maelezo tu.

Hili la gesi kuzunguka mwilini nalisikia kila siku ya Mungu. Gesi ya tumbo iko ndani ya bomba, bomba linaanzia mdomoni linaishia unapopajua. Haitoboi ikaingia kwenye mshipa ikaogelea mpaka kwenye moyo. Kiasi kidogo kinafyonzwa kwenye damu, kinayeyuka humo na unakitoa kwa pumzi bila ya kujua, wala hakidhuru, na kuna kipimo kabisa cha kupuliza pumzi wanapima ile hidrojeni kujua kama tumbo lako linaweza maziwa au haliwezi.

Sasa utaniuliza mbona bega linauma. Baina ya kifua na tumbo kuna kiwambo, nyama imetanda kama turubali. Tumbo likijaa linakisukuma juu, mapafu yanakosa nafasi, ndio zile pumzi fupi. Na neva ya kiwambo chenyewe inatokea shingoni pamoja na neva za bega, kwa hiyo kiwambo kikiudhika ubongo unachanganya, unadhani bega. Wodini nimewaona sana, mtu kafanyiwa upasuaji wa vitundu vidogo, tumbo wanalipuliza hewa ya kaboni ili daktari aone vizuri, mgonjwa anaamka analalamika bega na bega hakuna aliyeligusa. Halafu utumbo mpana una kona upande wa kushoto, juu kabisa chini ya mbavu karibu na bandama, gesi ikinasa kwenye kona ile maumivu yake ni ya kifua kabisa, mtu anashika moyo. Kwa hiyo maelezo yako yanaingia kwenye gesi. LAKINI alichosema ukhty ni kweli tupu na huwezi kujipimia kwa simu. Kifua kikibana, jasho, mkono au taya, kichefuchefu, unapanda ngazi ndio kinazidi, usinywe poda, nenda spitali saa ile ile.

Gesi yenyewe inatoka sehemu mbili. Moja ni hewa unayoimeza, kula mbiombio, kuongea huku unatafuna, soda, mrija, sigara. Ya pili inatengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wakila kile ambacho tumbo lako limeshindwa kukisaga. Maharage, mbaazi, kunde zina sukari zinaitwa rafinosi na stakiosi, mwanaadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, sio wewe tu, hakuna aliyenacho, basi zinashuka nzima mpaka kwa bakteria na wao wanasherehekea. Hizo ndizo bi mkubwa anazimwaga na yale maji ya rangi ya chai. Kitunguu maji, kitunguu thomu, kabeji, ngano, na maziwa kwa wengi wetu watu wazima, hadithi inakaribiana.

Na mjue mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anatoa upepo mara 10 mpaka 20 kwa siku, jumla yake nusu lita mpaka lita moja na nusu. Karibu yote haina harufu, ile inayofukuza watu ni chembe ndogo sana ya gesi zenye salfa. Anayesema yeye hatoi anatoa usingizini muulizeni mwenzake.

Ile poda ya povu ni magadi na asidi, vikikutana ndani vinatoa gesi ya kaboni. Yaani unaongeza gesi juu ya gesi, unacheua uliyoiongeza, unajiona umepona. Kwa kiungulia cha siku moja sawa, pakti mbili kila siku miezi minne hapana, ina sodiamu nyingi, presha je ushapima?

Sasa nijibu haya. Uzito umepungua? Choo chako vipi, kina damu au cheusi kama lami? Unatapika? Usiku maumivu yanakuamsha? Unatumia dawa gani nyengine? Na Ramadhani ile kulibadilika nini, maana umesema "tangu Ramadhani", umeanza kula kitu gani au umeacha kitu gani?

---

fundi_redio

Nesi umesema vizuri ila mimi siku zote nasema hawa watu wa spitali hawaijui gesi. Mimi ilinipanda mgongoni kabisa, nikakandwa na bibi mmoja tumbo na mgongo, nikaisikia inatembea pruuu inashuka, nikapona siku ile ile. Sasa hiyo nayo ni ubongo umechanganya?

---

nesi_wa_zamu

@fundi_redio uliisikia inatembea kwa sababu ilikuwa inatembea, ndani ya utumbo. Kukanda tumbo kunasaidia kweli wala sibishi, ukikanda kufuata utumbo unavyokwenda, kutoka kulia chini, kupanda, kuvuka, kushuka kushoto. Mgongo unauma kwa sababu utumbo umevimba unavuta nyuma. Bibi yako fundi mzuri tu, ila hakuitoa kwenye uti wa mgongo.

---

mama_pacha

Mie niongeze moja ya kucheka. Nilipojifungua pacha kwa upasuaji, kila asubuhi daktari anapita na wanafunzi wake sita anasimama kitandani kwangu, "mama umeshatoa upepo?" Mie mwana wa watu nimelelewa na bibi, hata kupiga chafya nageuka ukutani, nikasema ndio daktari, kumbe bado, nataka chai tu. Nikapewa uji, tumbo likafura nikalia. Siku ya pili nikasema kweli. Ulipokuja kutoka mama mkwe wangu kafurahi utasema nimezaa wa tatu, kampigia simu mpaka wifi yangu Wete.

Baadae nesi kanifahamisha, utumbo ukifanyiwa upasuaji karibu yake unalala, upepo ndio salamu kwamba umeamka. Tangu siku hiyo mie siuonei haya tena, kwangu ni neema.

---

nesi_wa_zamu

@mama_pacha 😂 na kinyume chake pia mkijue, mtu tumbo limefura, hatoi upepo hata kidogo, choo hakuna, anatapika, huyo utumbo umeziba au umejisokota, na kama ana ngiri imetoka imekataa kurudi ndio zaidi. Huyo hanywi uzile, huyo anapakiwa gari.

---

ami_wa_baraza

Kwenye upande wa udhu. Mimi si shehe, nimesoma chuoni tu kama wengine, mwenye elimu anisahihishe.

Kwanza tenga shaka na yakini. Tumbo kunguruma hakutangui udhu. Kuhisi kama kitu kimetaka kutoka hakutangui udhu. Mtume s.a.w. kafundisha mtu asitoke kwenye sala mpaka asikie sauti au apate harufu, maana yake awe na uhakika. Vijana wengi wamejitia wasiwasi wanatia udhu mara tano kwa shaka tupu, na wasiwasi wenyewe unakaza tumbo.

Kama inatoka kweli lakini kuna muda inatulia, tafuta huo muda, tia udhu usali humo, hata kama si mwanzo wa wakati. Na kama haina kituo kabisa, huna hata nafasi ya udhu na faradhi moja, wewe ni mwenye udhuru, kwa sisi Mashafii unatia udhu ukishaingia wakati, unasali faradhi yako, kinachotoka katikati hakikudhuru. Kwa sala nyengine unatia tena. Muulize imamu wako faragha, hatakucheka, hili suali wanaulizwa sana kuliko unavyodhani.

Na usijizuie kwa nguvu sala nzima, kusali unapigana na tumbo ni makruhu.

---

MtotoWaKonde (Jumanne, saa 3 usiku)

Nimesoma zote, nyengine nimecheka mke wangu kaja kuniuliza nasoma nini. Bi mkubwa ahsante, uzile nimeanza jana.

Nesi majibu yako haya. Uzito haujapungua, umezidi kilo 4. Choo sawa, hakina damu, ila siku hizi saa nyengine laini mno. Sitapiki. Usiku hayaniamshi, mie mwenyewe ndio silali kwa hofu. Dawa nyengine situmii. Presha sijapima.

Kilichobadilika Ramadhani... niliacha sigara. Nilivuta miaka 16, nikanuia siku ya mwezi kuandama na alhamdulillah sijagusa. Kuhusu chakula hakuna kipya, mbaazi na mandazi asubuhi kama siku zote, chai ya maziwa vikombe viwili. Aa, na bigijii. Nilipoacha sigara mdomo ukawa unawasha, mwenzangu kanambia tafuna bigijii, nikachagua zile zisizo na sukari kwa sababu baba ana sukari na mie naogopa. Natafuna kutwa ofisini, pakti moja na nusu, labda 15 kwa siku. Sidhani kama ina uhusiano.

---

Yakhe77

Nesi kimbia njoo 😂😂

---

nesi_wa_zamu

Nimekuja. Kaka yangu pakti iko karibu? Geuza nyuma usome kile kimaandishi kidogo, unaona nini baada ya neno la mwanzo?

---

MtotoWaKonde

Sorbitol. Halafu isomalt, mannitol, maltitol, aspartame... Na chini kabisa imeandikwa ukila kwa wingi inaweza kuharisha. Yaguju! Miezi minne naitia mfukoni sijaigeuza.

---

nesi_wa_zamu

Hiyo sorbitoli ni utamu ambao utumbo mdogo unaufyonza nusunusu, unaobaki unashuka kwa bakteria, wanaichachusha, gesi hiyo hapo, na inavuta maji ndio choo laini. Moja mbili hazina neno. Wewe 15. Halafu kule kutafuna kwenyewe kutwa unameza mate na hewa, mate na hewa, ndio maana asubuhi tumbo limelala na saa 8 mkanda unalegezwa, maana usiku hutafuni. Juu yake chai ya maziwa vikombe viwili, mbaazi, na kukaa kitini. Na kuacha sigara kwenyewe kunavuruga choo cha watu wengi wiki za mwanzo.

Ila sikuachi hapo. Miaka 16 ya sigara na maumivu ya kifua, kipimo cha moyo utakwenda kufanya na presha na sukari, hata kama bigijii ndio mwizi tuliyemkamata mkono. Sigara usirudie, hilo umefanya kubwa kuliko unavyojua.

Na vidonda vya tumbo havionekani machoni. Vingi vinaletwa na bakteria anaitwa helikobakta au na dawa za maumivu za kina diklofenaki. Zamani madaktari wengi walisema ni mawazo na pilipili, mpaka daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 akamnywa yule bakteria mwenyewe kwenye kikombe, akaumwa tumbo, akajithibitishia. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Kipimo chake ni cha choo au cha kupuliza, na ni lazima omeprazo uwe umeacha wiki 2 kabla, la sivyo inamficha bakteria unaambiwa huna na unaye. Fanya hicho, sio kumeza dawa zake kwa kubahatisha.

Mpango wako: bigijii acha zote. Poda acha. Chai kunywa ya rangi wiki mbili, tuone maziwa yana kosa au hayana. Mbaazi za bi mkubwa zilizomwagwa maji, sahani ndogo. Usiache kila kitu siku moja ukaja kula wali na chumvi, hutajua nani alikuwa mkosa.

---

bi_uzile

Bigijii! Na mie namchemshia mtu uzile 😂 Mwanangu utafune hiliki.

---

ukhty_wa_Jangombe

Nakukumbusha kipimo cha moyo kaka. Usiseme "ilikuwa bigijii" ukakaa. Nenda wiki hii.

---

MtotoWaKonde (wiki tatu baadae, Ijumaa jioni)

Wana jamvi nimerudi.

Moyo nimekwenda, nimebandikwa waya, nimekimbizwa kwenye ile mashine ya kutembea, mzima. Presha 138 kwa 88, daktari kasema tuiangalie, nipunguze chumvi na hizo kilo. Sukari sawa. Helikobakta nimesubiri wiki mbili bila ya omeprazo kama ulivyosema nesi (siku za mwanzo kiungulia kilinikomesha, nikavumilia), kipimo cha choo, hakuna.

Bigijii niliacha usiku ule ule. Siku ya tatu saa 8 mchana nikashika mkanda kwa mazoea, nikakuta hauhitaji kulegezwa. Nikakaa pale nimeushika mkanda kama mjinga. Maumivu ya kushoto yamekuja mara mbili tu tangu hapo, mara zote mbili nilikula urojo usiku na soda, kosa langu. Maziwa nimeyarudisha wiki ya pili, kikombe kimoja sisikii kitu, viwili tumbo linanguruma, kwa hiyo kimoja. Bi mkubwa mbaazi zako mke wangu kapika, mvuje umemtoa jirani nje lakini tumbo limenyamaza.

Leo Ijumaa nimesali safu ya tatu. Ami, udhu wa nyumbani ulifika mpaka salamu.

Tatizo lililobaki mdomo. Hiliki ghali ukitafuna kutwa. Nimeletewa karafuu kutoka nyumbani Konde, natafuna mbili tatu ofisini, hamu ya sigara inakatika kabisa ulimi ukifa ganzi. Nesi kuna madhara?

---

nesi_wa_zamu

Mbili tatu kwa siku sawa, usizidishe, mafuta yake makali yanababua fizi na ndani ya shavu. Ukishikwa na ganzi tema. Na presha pima kila mwezi.

---

Yakhe77

Tafuna tu yakhe ila ukipanda boti usijaze mfuko. Bandarini Mkoani ukisema hizi za tumbo hawatakuamini, watasema magendo ya karafuu 😂